Ukuta Mmoja na Bi Odessa

Nell Gaines alivaa gauni lake la zambarau la kanisani kwenda kusikiliza rufaa ya mumewe, na shingoni akaweka mkufu wa lulu bandia alioazimwa na mwenzake wa kazini. Alitaka majaji wakimtupia jicho waone kwamba Tavares ana watu. Alipanda basi kutoka Peoria kungali giza, akafika Chicago miguu imemvimba, akapanda lifti hadi ghorofa za juu za jengo la mahakama. Majaji wale watatu hawakumtupia jicho hata mara moja. Tavares mwenyewe hakuwapo. Wafungwa hawaletwi kusikiliza rufaa zao. Alikuwa gerezani Indiana, pengine akipiga deki.

"Kwa hiyo, wakili," alisema jaji wa katikati, mzee mwenye sauti ya mafua, "unachotuambia ni kwamba sheria ya jimbo la Illinois inaita kokeini vitu ambavyo Bunge la nchi halikuviita kokeini?"

"Ndivyo, Mheshimiwa," alijibu Joyce Feldkamp, wakili wa utetezi aliyepewa Tavares kwa sababu hakuwa na uwezo wa kuweka wakili wake mwenyewe.

"Vitu ambavyo hakuna aliyewahi kuviona vikiuzwa mtaani?"

"Hata kama havikuuzwa, Mheshimiwa. Jimbo liliandika lilichoandika."

Wakaendelea hivyo. Walizungumzia namna chembe za dawa zinavyopangana, kama mkono wa kushoto na wa kulia. Jaji mmoja akasema alifeli kemia chuoni na sasa anaona alipata haki yake, na ukumbi mzima ukacheka. Nell naye akacheka, akachelewa kidogo, kicheko chake kikabaki peke yake hewani. Akaziba mdomo na leso. Alikuwa amengoja kusikia mtu akisema jina la mumewe, au aseme baba, au aseme binadamu. Wakamaliza, wakainuka, wakatoka kwa mlango wa nyuma.

Kwenye korido Wakili Feldkamp alikuwa amewaka mashavu kwa furaha. "Wamenielewa! Yule wa katikati amenielewa kabisa."

"Lakini Tav aliuza kokeini," Nell akasema kwa sauti ya chini. "Ile ya kila siku. Si hiyo ya mkono wa kushoto."

"Najua."

"Hao hawajui?"

"Wanajua. Ila hawaruhusiwi kuuliza alifanya nini, Nell. Wanaruhusiwa kuuliza sheria iliyomtia hatiani inasemaje. Maneno yake tu. Kama maneno ya jimbo ni mapana kuliko ya shirikisho, yaani ya nchi nzima, ile hatia ya zamani haihesabiki."

Tavares alikuwa na miaka ishirini alipopata hatia hiyo ya zamani. Alikiri, akatumikia mwaka na nusu katika gereza la jimbo, akatoka, akaoa, akapata kazi kwenye karakana ya magurudumu. Kazi ilipokwisha akarudia alichokuwa anakijua. Safari ya pili walimkamata watu wa shirikisho, na hatia ile ikaichukua miaka kumi na kuifanya kumi na tano.

"Basi mimi sina la kuuliza," Nell akasema. "Nirudishie tu hiyo mitano."

*

Habari zilimfikia akiwa kazini, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, akimlisha Bwana Ostrander uji wa shayiri. Simu ilitetemeka mfukoni. Alisikiliza, akasema "ndiyo" mara kadhaa, akasema "asante", kisha akarudi kwenye uji.

"Nani kafa?" aliuliza mzee.

"Hakuna aliyekufa. Tumeshinda."

"Mbona unalia ndani ya chakula changu?"

Jioni aliingia nyumbani, akafunga mlango, akamwita bintiye Brielle, mwenye miaka minane, akampigia magoti ili macho yao yalingane. "Baba atarudi mapema kuliko walivyosema. Majaji wamekubali."

Mtoto akafungua mdomo apige ukelele. Nell akauziba kwa kiganja.

Walikumbatiana hivyohivyo, mtoto akirukaruka kwa vidole bila kisigino kugusa sakafu, machozi na kicheko vikitokea puani. Nyumba yao ilikuwa nusu ya nyumba. Nusu nyingine alikaa Bi Odessa Whitlock, na katikati palikuwa na ukuta ambao hata kikohozi kilipita. Zamani, Bi Odessa alikuwa akigonga upande wake kuwajulisha kwamba mkate wa mahindi umetoka jikoni. Sasa hakugonga.

Mwanawe wa pekee, Quint, alifia bafuni upande ule. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu. Mama yake alikuwa zamu hospitalini, kwenye dawati la mapokezi, na bomba la maji likabaki wazi mpaka aliporudi asubuhi. Nell aliyasikia yale maji. Alilala akiyasikia, akamwambia Tavares, "Huyu mtoto anaoga mpaka lini?" na Tavares akageuka upande wa pili. Tangu hapo Nell alikuwa akiyasikia hata yasipokuwapo. Angeinuka, akaze bomba la jikoni, akaze la bafuni, kisha akae kitandani akisikiliza.

Kulikuwa na jingine ambalo hakumwambia mtu. Jioni ile, kabla ya maji, ni yeye aliyemfungulia Quint mlango. Kijana alisimama barazani na kaptura ya mpira wa kikapu kwenye baridi ile. "Tav yupo, dada?" Akaingia, akakaa kidogo na Tavares kule nyuma, akatoka, akamsugua Brielle kichwani akamwambia, "Kichwa kikubwa wewe, utakuwa profesa." Ndani ya kokeini iliyomuua mlikuwa na kitu kingine kilichochanganywa na mikono ya watu wa mbali, kitu ambacho Tavares, Nell alijiambia, hakukijua. Polisi waliandika kwamba haikufahamika dawa ilitoka wapi. Tavares alipokuja kukamatwa majira ya baridi, ilikuwa kwa mzigo mwingine kabisa, na hakuna aliyelitaja jina la Quint.

*

Siku chache baadaye Bi Odessa alimkuta Nell kwenye visanduku vya barua barazani. Alikuwa mwanamke mrefu, koti limefungwa vifungo vyote hadi kidevuni.

"Nasikia mmeshinda."

"Ndiyo, Bi Odessa."

"Wamesema hakufanya?"

"Hapana. Wamesema... ni neno la sheria. Neno moja tu, lilivyoandikwa."

"Neno." Bi Odessa alilirudia kama mtu aonjaye chakula kilichochacha. "Watu wazima watatu wameketi Chicago, wakamtafutia neno. Mimi miaka minne natafuta neno moja. Hakuna wa kunipa."

Nell akachezea ufunguo. "Bi Odessa, wakili amenikataza..."

"Sijakuuliza chochote bado."

"Najua."

"Siku nikikuuliza utanijibu?"

Upepo ulipiga mlango wa wavu. Nell akasema anasikia mtoto anamwita. Mtoto alikuwa shuleni, na wote wawili walijua.

Wakili Feldkamp hakucheka aliposimuliwa. Alifunga mlango wa ofisi yake, akakaa mbele ya meza badala ya nyuma yake. "Nisikilize vizuri. Kushinda rufaa maana yake kesi inarudi kwa jaji wa Peoria ampangie kifungo upya. Upya kabisa. Anaweza kumpa kumi. Anaweza kumpa ileile kumi na tano, akipenda, maana kumi ni kiwango cha chini tu. Na huyo mama amepiga simu kwa mwendesha mashtaka akiomba aongee."

"Aongee nini? Hajui kitu."

"Wewe unajua?"

Nell akatazama zulia.

"Usinijibu," wakili akasema upesi. "Usinijibu mimi, usimjibu yeye, usimjibu mtu. Kesi ya mtu aliyekufa ni kesi nyingine. Wakipata shahidi, huko hatuzungumzii kumi wala kumi na tano."

*

Walimrudisha Tavares katika jela ya kaunti kungoja siku yake. Nell alimwona kupitia kioo, simu sikioni. Alikuwa amenyoa kipara, na mashavu yalikuwa yameingia ndani. Juu ya kichwa chake palibandikwa onyo kwamba mazungumzo yote yanarekodiwa.

"Umependeza," alisema.

"Muongo. Nimetoka kazini nanuka wazee."

"Basi wazee wamependeza." Alitabasamu, na lile pengo la jino likamrudisha Nell miaka kumi nyuma. "Brielle?"

"Anasema ukirudi atakufundisha kugawanya kwa njia ndefu. Anasema wewe hujui."

"Anasema kweli."

Mlinzi alipita nyuma yake akiburuta viatu.

"Bi Odessa atakuja mahakamani," Nell akasema.

Tavares akahamisha simu sikio la pili. Macho yake yalipanda kwenye lile onyo, yakashuka. "Anaendeleaje?"

"Hapiki. Sisikii sufuria. Jumapili hasikilizi hata kwaya yake redioni."

"Nell."

"Sijakuuliza kitu, Tav."

"Usiniulize." Aliweka paji la uso kwenye kioo. "Usiku mtu wa seli ya jirani akifungua bomba, mimi naamka. Nashika nondo za mlango. Wenzangu wananiita mwendawazimu. Kwa hiyo usiniulize. Ushaelewa?"

Nell aliweka kiganja pale kichwa chake kilipogusa. Kioo kilikuwa baridi. Miaka yote ile alikuwa akijiambia kwamba labda, labda Quint alipitia na kwingine usiku ule. Sasa hilo labda lilikuwa limekufa mbele yake, na hakukuwa na neno ambalo mashine ingeweza kurekodi.

*

Siku ya hukumu ilikuwa ya mvua iliyochanganyika na barafu. Nell alikaa benchi la pili. Bi Odessa aliingia baadaye, akakaa benchi hilohilo, mwisho kabisa, na mkoba mapajani.

Mawakili walisema yao. Kisha mwendesha mashtaka, kijana aliyekuwa akikohoa ngumini, akasema kuna mkazi wa mtaa angependa kuongea juu ya madhara ya dawa hizi. Wakili Feldkamp alisimama kabla hajamaliza. Marehemu hakutajwa kwenye hati ya mashtaka, hapakuwa na ushahidi, hapakuwa na uhusiano wowote.

Jaji, mwanamama mwenye nywele fupi za mvi, alitazama karatasi, kisha akamtazama Bi Odessa aliyekuwa ameshasimama.

"Mama, pole sana kwa msiba wako. Nasema hivyo kwa moyo. Lakini kifo cha mwanao hakiko mbele yangu leo."

"Nilitaka kuuliza tu," Bi Odessa akasema.

"Hapa siyo mahali pa kuulizia, mama. Tafadhali keti."

Hakuketi mara moja. Alisimama akiwa ameshika mgongo wa benchi, midomo ikienda bila sauti, na askari wa mahakama akapiga hatua moja kumwelekea. Hatua ile ndiyo iliyomketisha. Nell aliona jinsi alivyorekebisha koti lake, kama mtu aliyeanguka barabarani na kutaka kuonyesha hakuumia.

Tavares alipewa nafasi ya kusema. Pingu za miguuni zililia aliposimama. "Naomba radhi kwa mke wangu," alisema. "Kwa mtoto wangu. Na kwa watu wote wa mtaa wetu. Wote." Neno la mwisho alilisema amegeuka, na macho yake yalikwenda mwisho wa benchi, yakakaa pale, mpaka wakili akamgusa kiwiko.

Jaji alimpa kumi.

Wakili alimkumbatia Nell, harufu ya kahawa na manukato, akisema "Mitano, Nell, mitano tumeirudisha," na Nell aliitikia kwa kichwa, akijaribu kuitafuta furaha aliyoiziba kwa kiganja siku ile nyumbani.

*

Alikuwa amesimama kituoni akingoja basi, barafu ikimpiga usoni, gari kuukuu la Bi Odessa liliposimama mbele yake. Kioo kikashuka.

"Panda."

"Basi linakuja, Bi Odessa."

"Tunakwenda baraza moja. Panda, utakufa na baridi."

Njia nzima vifuta kioo vilikwaruza. Walipofika, Bi Odessa aliegesha mbele ya nyumba lakini hakuzima injini. Mbele yao ilikuwapo ile baraza yenye milango miwili, mmoja wa kijani, mmoja wa rangi nyeupe iliyobabuka.

"Sasa imekwisha," akasema. "Jaji ameshasema. Nakuuliza mimi, mama yake, ndani ya gari langu. Sina karatasi, sina kinasa sauti. Sitampigia mtu simu. Quint alichukua kwa Tavares?"

Nell alitazama mikono yake. Alijua jambo la kusema. Lilikuwa limekaa kifuani miaka minne, limeiva. Alimwona Quint na ile kaptura yake, akisugua kichwa cha mtoto. Alimsikia wakili: kesi nyingine, hesabu nyingine. Akainua uso ili aseme ukweli, akiamini kabisa kwamba ndio anaokwenda kuusema.

"Hapana, Bi Odessa," akasema. "Hakuchukua kwetu."

Bi Odessa hakusogea.

"Alikuja jioni ile?"

"Hakuja. Tav alikuwa amelala mapema. Nilisikia maji tu." Na kwa kuwa hilo la mwisho lilikuwa kweli, sauti yake ilitetemeka pale palipopaswa. "Niliyasikia maji, sikuja kugonga. Nisamehe."

Mwanamke yule alitoa sauti ambayo Nell hakuwahi kuisikia kwa mtu mzima. Aliinamia usukani, mabega yakipanda na kushuka, kisha akanyoosha mkono bila kutazama, akaushika mkono wa Nell, akaubana.

"Miaka minne," alisema. "Nimelala nyuma ya ukuta wenu nikiwachukia. Nilikuwa nikimsikia huyo mtoto wako akicheka, namuomba Mungu amnyamazishe. Mtoto! Unasikia? Mungu anisamehe. Nilikuwa nawachukia bure."

Nell alitaka kuuchomoa mkono wake. Aliuacha.

*

Jumapili, baada ya ibada, ukuta uligongwa. Brielle akashtuka. "Mama, nini hiyo?" Enzi zile za kugongewa hakuwa na umri wa kukumbuka.

Meza ya Bi Odessa ilikuwa imeandaliwa kwa watu watatu: kuku wa kukaanga, makaroni yaliyookwa na jibini, maharage ya kijani, mkate wa mahindi ukitoa moshi. Alikuwa amevaa gauni la buluu, na nywele zimetengenezwa. Alimkumbatia Brielle muda mrefu kuliko mtoto alivyozoea, akamweka kwenye kiti kilichotazama dirisha. "Hicho ni cha Quint wangu. Hakijakaliwa. Kaa, mpenzi, kaa, viti si vya kutazamwa."

Waliinamisha vichwa. Bi Odessa aliomba kwa sauti ya kanisani. Alishukuru kwa chakula, akashukuru kwa majirani, kisha akamwombea Tavares kwa jina lake lote, kwamba Mungu amlinde huko aliko, amrudishe salama kwa mkewe, na amfutie yeye, Odessa, dhambi ya kumdhania mtu asiye na kosa.

"Amina," Brielle akasema.

"Amina," Nell akasema.

"Jana nimemwota," Bi Odessa alisema akigawa makaroni. "Siku zote huja hasemi, ananitazama tu, kama kuna kazi sijamalizia. Jana nikamwambia, mwanangu, siyo Tav. Nimeuliza, nimejibiwa, siyo Tav. Akashangaa. Alinitazama hivi..." Aliinamisha kichwa upande mmoja, nyusi zimepanda, na kwa kitambo kile kidogo uso wake ukawa uso wa kijana wake barazani. "Halafu akaondoka. Sijui kwa nini alishangaa."

Kijiko cha Nell kilisimama katikati ya sahani na mdomo.

"Chakula hakina chumvi?"

"Kina. Ni kitamu."

"Mbona huli? Tazama ulivyokonda. Umebeba mengi peke yako, wewe." Bi Odessa aliegemea mbele, akamwekea paja jingine la kuku bila kumuuliza, akalizungushia maharage. "Kuanzia leo Jumapili ni hapa kwangu. Mpaka mumeo arudi. Na akirudi, naye aje akae hapa."

"Ahsante, Mama," Nell akasema. Hakuwahi kumwita hivyo.

Macho ya Bi Odessa yalijaa. Nell akachukua lile paja kwa mikono miwili, akaling'ata, akatafuna, na mama wa Quint akamtazama mpaka alipomeza.